Dada Yetu, Mama Vijidudu

Tunayemsindikiza leo alikuwa dada yangu mkubwa. Wanafunzi wake walimwita Mama Vijidudu, naye aliitika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga. Mama yetu alichemsha kila kitu ndani ya nyumba, vijiko hata vitambaa, akituonya juu ya vijidudu. Siku moja dada akamuuliza, “Mama, hakuna hata mmoja mzuri?” Mama akamtuma akaoshe vyombo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1972, kisha chuo kikuu, alikohitimu masomo ya baiolojia. Mwaka 1983 aliajiriwa katika maabara ya hospitali ya mafunzo. Wadogo zake tulimtania: “Dada, umesoma kote huko uje kupima choo?” Naye alitujibu, “Choo hakidanganyi. Wenye choo ndio wanaodanganya.”

Huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, fundi wa redio aliyeitwa kutengeneza kabati la joto la maabara. Dada alimwonyesha kipande cha utumbo wa panya kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kikijikunja na kujikunjua.

“Kinacheza chenyewe?” shemeji aliuliza.

“Kina mishipa yake ya fahamu. Hakingoji ubongo.”

“Basi kama miguu yangu,” alisema shemeji. “Kabati lilishapona zamani, lakini bado inanileta hapa.”

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985.

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tarehe 3 Mei 1988. Hakupata choo, na tumbo likavimba. Madaktari waligundua kwamba sehemu ya mwisho ya utumbo wake haikuwa na mishipa ya fahamu. Alifanyiwa upasuaji, lakini hakumaliza mwezi. Dada aliporudi kazini aliomba kuhamia kwenye utafiti wa utumbo. Alitaka kujua kama vijidudu wazuri wanaoishi tumboni wana uhusiano na mishipa hiyo. Mkuu wake alishangaa: “Vijidudu na mishipa ya fahamu, wapi na wapi?”

Ilimchukua miaka mingi kumjibu. Yeye na wenzake walilea panya wasio na kijidudu hata mmoja, na chakula kikawa kinajikokota matumboni mwao. Walipowapa vijidudu wazuri, utumbo ukachangamka. Vijidudu hao, alitueleza mezani bila kujali kwamba tunakula, humeng’enya makapi tunayoshindwa sisi na kutoa kemikali. Kemikali hizo huamsha mishipa ya fahamu, nayo huiambia misuli isukume chakula.

Mwanafunzi mmoja alimuuliza kama ugunduzi huo ungemwokoa mwanawe. “Hapana,” alisema. “Vijidudu huzungumza na mishipa iliyopo. Mwanangu hakuwa nayo.” Kisha akainamia hadubini.

Alistaafu mwaka 2018. Novemba 2022 alianza kukonda, akagunduliwa kuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Alipasuliwa Februari iliyofuata. Baada ya upasuaji kama huo utumbo hulala, na madaktari husubiri usikike tena. Wa kwake ulikawia. Mchana mmoja shemeji alilaza sikio juu ya shuka, kwenye tumbo la dada.

“Unasikia nini?” dada aliuliza.

“Unanguruma. Kama lori.”

“Mwongo wewe.”

Lakini alikishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, hakukiachia. Shemeji hakunyanyuka. Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, nikarudi nayo.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 21 Machi 2023, mumewe na binti zake wakiwa kando ya kitanda.

Alitanguliwa na wazazi wetu na mwanawe. Ameacha mume, mabinti wawili, wakwe, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, kaka yetu kitinda mimba, na wanafunzi ambao hadi leo hawaoni aibu kumuuliza mtu kama amepata choo.

Pumzika kwa amani, dada. Pumziko hili ni haki yako.