Mzee Dalmas Ogola, Fundi Aliyeuliza Habari za Choo

Wachungaji, wazee wa ukoo, Mama Maryanne na ninyi nyote mliofika hapa Kisian kutushika mkono, mimi ni Wangechi, mke wa Oluoch, na nimesimama mbele yenu kwa sababu baba mkwe wangu mwenyewe aliagiza kwamba mimi ndiye nitakayesoma wasifu wake, ingawa najua mkaza mwana hatarajiwi kutaja mambo ya mwili wa baba mkwe mbele ya watu.

Mzee Dalmas alizaliwa hapa Kisian tarehe 14 Machi 1957, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1972, na karo ilipokosekana akapelekwa Kisumu kwa mjomba wake kujifunza ushonaji, hata mwaka 1979 akafungua kibanda chake sokoni Kibuye, ambako alipunguza na kuongeza suti za mitumba hadi mwenye kuvaa akadhani zilishonwa kwa ajili yake. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Mama Maryanne, akiwa na suti aliyojishonea, na Mungu akawajalia Oluoch mwaka 1983 na Sheryl mwaka 1991.

Mwaka 2021 alianza kuona damu chooni, akaamini ni bawasiri, akanywa mwarobaini, na kila suruali yake ilipompwaya aliiweka kwenye cherehani akaipunguza kiuno, kimya kimya, nasi tukasema Mzee anazeeka vizuri, nguo zinamkaa. Tarehe 9 Juni 2022 alianguka kibandani, na kipimo cha kamera inayoingizwa utumboni kikaonyesha saratani ya utumbo mpana, ambayo tayari ilikuwa imeenea. Wazee waliniomba niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi, kama tunavyozoea kusema matangani, lakini Baba aliyakataza maneno hayo, maana aliugua muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo alinyamaza.

Baada ya upasuaji alirudi Kibuye, akajifunza dalili za ugonjwa huo kwa mhudumu wa afya Nekoye, na tangu hapo hakupima kiuno cha mteja bila kumwambia, "Bwana, hii kiuno imepungua na hujafunga kula, choo yako iko aje? Ukiona damu usiseme ni bawasiri, enda upimwe. Na kama umefika arobaini na tano, hata usipoona kitu, enda tu." Wengine walihamia kwa mafundi wengine wakisema Mzee amekosa adabu, lakini Wandera, muuza mahindi, alienda kupimwa ili tu aachwe kwa amani, akakutwa na kinyama utumboni, kikatolewa kabla hakijageuka saratani, naye asubuhi hii amelibeba jeneza akilia kama mtoto.

Aliyemshinda Baba ni mwanawe. Madaktari walisema watoto wa mgonjwa wapimwe mapema kuliko wengine, Sheryl akaenda, Oluoch akasema yeye hana shida. Desemba iliyopita Baba alianza kumshonea Oluoch suti, akakaza kiuno cha suruali kwa pini, kisha akakataa kuendelea, akisema, "Hii nitamaliza ukitoka hospitali." Alifariki Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025, kabla ya kuimaliza. Suti hiyo ndiyo Oluoch ameivaa leo, pini zikiwa bado kiunoni, na jana aliniruhusu niseme mbele yenu kwamba Jumatatu tunaenda kwa kipimo cha kamera, na Wandera atatusindikiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kisian na wa mtaa wa Migosi kule Kisumu, mafundi wenzake wa Kibuye waliofunga vibanda ili waje, na Nekoye, ambaye ameketi pale karibu na hema la chakula kwa yeyote mwenye swali, na tafadhali msione haya kumwendea.

Baba, tepu yako ya kupimia umeiweka chini, pini tutazitoa sisi. Pumzika kwa amani.