Imebaki Mmoja

Gari la Subukia lilikuwa bado liko steji Nakuru, na mimi ndani yake saa nzima. Mbele yangu msichana wa shule alikuwa akimsomea mzee jirani yake swali la hesabu: andika namba nne, kila moja ipatikane kutoka kwa iliyotangulia kwa kujumlisha kitu kilekile, na pia kwa kuzidisha kwa kitu kilekile.

“Haiwezekani, msichana wangu,” mzee akasema, ametulia kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. “Anza na tatu. Ukijumlisha tatu ni sita, halafu tisa. Ukizidisha kwa mbili ni sita, halafu kumi na mbili. Zimeachana! Mwalimu amekosea.”

“Imebaki mmoja tuende!” manamba akapiga kelele mlangoni, mara ya tatu.

Msichana akacheka. “Mzee, si umsikize huyu? Moja, moja, moja. Unajumlisha sufuri, unazidisha kwa moja.”

“Hiyo si hesabu. Hiyo ni uongo.”

Mama mmoja akapanda na kuku wake. Manamba akamgusa mzee begani, naye akashuka bila kuaga, akaenda kukalia kiti kwenye gari la Njoro ili nalo lionekane limejaa.

“Imebaki mmoja!”

Msichana akaandika namba ya nne.