Ganda la Chuma la Mzee Gelasius

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya yetu, Dada Ndeshi. Mchungaji na Ustadhi mliotufungulia shughuli kwa sala na dua, kila mmoja akiahidi kuwa yake ni fupi. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Houston na Pearland, mkaendesha saa nne nzima na bado mkafika kabla yetu sisi wa Plano. Ndugu zetu wa Kongo, ambao bila ninyi leo tusingekuwa na kwaya. Mama yetu Pelagia. Na wewe mgeni wa heshima, Mzee Gelasius Kamugisha, uliyesema hutaki kuagwa kisha ukaja na suti mpya: shikamooni wakubwa, habari zenu wenzangu, na ninyi watoto wa huko nyuma mlioinamia simu, hamjambo.

Mimi naitwa Majaliwa. Wengi mnanijua kwa kazi ya kompyuta, na wote mnanijua kwa ujuaji. Injini ya gari, kisukari, makaratasi ya uhamiaji, namna ya kupika ubwabwa: nani aliwahi kuniuliza kitu nikamjibu kwamba sijui? Ndiyo maana kamati iliponipa dakika kumi, Dada Ndeshi alinivuta pembeni akasema, "Majaliwa, sema habari za mzee. Habari zako tumeshazisikia."

Dada yangu, nisamehe. Mzee anahamia Pearland Jumatano, akakae karibu na binti yake muuguzi. Akiondoka, mtu pekee anayenidai nikiri kosa nililolifanya atakuwa mbali, na mimi najijua, nitanyamaza mpaka kiama. Anayeumia kwa kunyamaza kwangu amekaa pale meza ya tatu, naye ni dada yetu Clothilde.

Lakini nianze na mzee, nisije nikanyang'anywa kipaza sauti. Miaka kumi na tisa amesimamia uwanja wa shabaha nje kidogo ya Fort Worth. Nani kati yenu aliyefika pale hajaonja sumaku yake? Wewe unaingia na tabasamu na salamu za kutoka Bukoba, yeye anaitikia vizuri, anakuulizia watoto, huku mkono wake umeshazamisha ile sumaku ndani ya boksi lako la risasi. Ikinasa chuma, utarudi nazo nyumbani hata ungekuwa shemeji yake. Na shemeji yake yupo hapa, aliwahi kurudishwa mara mbili. Mama Pelagia, mkewe, ananiambia hata sufuria za nyumbani zilipimwa.

Sasa, kwa wasiojua mambo haya: risasi nyingi huvikwa ganda la shaba. Zipo nyingine, za bei nafuu, ambazo ganda lake ni la chuma. Je, zinaaminika? Jamani, swali hilo limevunja urafiki mwingi zaidi ya siasa. Mimi nilikuwa upande wa chuma, na hoja yangu ilitoka JKT Mafinga. Tuliopitia jeshi tunakumbuka ile bunduki ya SMG: ukiichovya kwenye tope, ukaitia risasi za ganda la chuma, italia tu. Basi mimi nikasimama kila kwenye nyama choma nikitangaza, "Risasi ni risasi! Mmarekani anawauzia shaba ya mapambo!" Na bastola yangu mwenyewe ilizila zote bila kukohoa. Nikasema, ushahidi gani tena mnautaka?

Mzee alikuwa akinijibu neno moja tu, kwa upole wa Kihaya. "Waitu Majaliwa, bunduki ipi?" Mimi nikadhani ameishiwa hoja.

Mwaka jana mwezi wa tatu, Clothilde alikuwa anaenda kufanya mtihani wa shabaha wa walinzi wenye silaha. Mnajua alikotoka kule Kongo, na mnajua kwa nini mama aliyewahi kukimbia bunduki na mtoto mgongoni angefikiri mara kumi kabla ya kuishika moja. Lakini alitaka zamu ya mchana, na zamu ya mchana ilikuwa ya wenye leseni. Alitaka awe nyumbani Christelle wake akirudi shule. Akafanya mazoezi miezi minne. Akanunua bastola mpya, ndogo, inayobana kama kiatu cha sikukuu. Na mimi, kaka mkubwa, mjuzi wa vyote, nikampelekea zawadi ya mtihani: maboksi mawili ya risasi za ganda la chuma. Nikamwambia, "Dada, hizi hata Mafinga tulizitumia."

Mtihani haukufanyika kwa mzee, kwa hiyo sumaku haikuwepo. Kati ya risasi hamsini, bastola ilikwama mara sita. Saa inakimbia, yeye anavuta, anagonga, anakwamua, anaharakisha, shabaha inampotea. Akaanguka kwa pointi tatu. Waliokuwepo wakasema, masikini, mikono ilikuwa inatetemeka, ni ile vita. Maneno yakafika kanisani, yakafika kwenye vikoba, na kabla ya Jumapili mbili tukawa tumeshampa jina: Mama Tetemeko. Tumemwita hivyo mpaka leo. Asubuhi hii hii nimesikia mtu akisema, "Msimpe Mama Tetemeko abebe chai." Mkacheka. Na mimi nilicheka!

Nilimpigia simu kumpa pole. Nilikuwa bado sijajua. Akaniambia, "Kaka, pengine vita ilibakia mu mikono yangu." Sitaisahau sauti ile.

Akataka kuacha kabisa. Aliyemzuia ni mzee. Alimwambia aje uwanjani na bastola yake na zile risasi zilizobaki. Sumaku ikanasa, tap! Lakini mzee hakumrudisha nyumbani. Siku ambayo uwanja umefungwa, aliomba ruhusa kwa mwenye uwanja, akachukua bastola tatu na boksi lile lile. Bastola yake ya zamani, iliyolegea kwa uzee kama magoti yake: ikala zote. Bastola ya aina ya kwangu: ikala zote. Ya Clothilde, mikononi mwa mzee mwenyewe, mikono isiyotetemeka hata akisomewa mashtaka: ikakwama risasi ya saba, ikakwama ya kumi na moja, na ya kumi na tano ganda likang'ang'ania ndani mpaka akalitoa kwa ufito. Akatia risasi za shaba, mia moja. Hazikukwama hata moja.

Akamweleza kwamba shaba hutanuka risasi ikilipuka, kisha hunywea ikatoka kirahisi. Chuma hakinywei vizuri hivyo, na bastola mpya iliyobana inaweza kukataa kile ambacho iliyolegea inakimeza. Hakusema chuma ni kibaya. Alisema kila bunduki iulizwe yenyewe, tena kabla ya siku ya kuihitaji. Clothilde akarudia mtihani akapita kwa pointi nyingi kuliko wanaume wanne waliokuwa naye, na leo analinda mlango wa hospitali kuanzia asubuhi, na Christelle akirudi kutoka shule humkuta mama nyumbani.

Kwa nini basi jina limebaki? Kwa sababu Clothilde ana adabu kuliko sisi. Aliulizwa risasi zilitoka wapi, akasema amezinunua. Mzee hakuuliza, alilijua boksi langu. Wiki iliyofuata nilipofika uwanjani alinisimulia jaribio lile lote, akanipa mkono, na kwenye kiganja akaniachia ganda moja, limeshaanza kutu. Akasema, "Hili lako. Utalirudisha siku ukiwa tayari." Miezi kumi na sita limekaa kwenye droo ya soksi zangu. Mke wangu Clara akadhani ni hirizi.

Mzee Gelasius, niko tayari. Nilimkosea huyu mama. Nilimpa kitu nisichokipima, kisha nikawaacha watu waseme ni mikono yake, kwa kuwa niliona haya kuonekana sijui. Dada Clothilde, nisamehe mbele ya watu hawa wote. Vita haikuwa mikononi mwako. Na ninyi wenzangu, jina la Tetemeko kuanzia leo ni langu, mnaruhusiwa kuniita hivyo hata kwenye harusi ya mwanangu. Atakayemwita Clothilde hivyo tena, nitampelekea zawadi ya risasi.

Mzee, ganda lako hili hapa. Nenda salama Pearland, na kwa unyevu wa huko, usisahau kupaka mafuta sumaku... Mbona unakataa? Mnaona jamani, mzee anatikisa kichwa. Anaonyesha meza ya tatu. Haya, nimeelewa.

Dada Clothilde, njoo ulipokee wewe. Nyoosha mkono. Tazameni mkono huo, hata ninyi wa huko nyuma, simameni mtazame: umetulia tuli. Huu unaotetemeka ni wangu. Nawashukuruni kwa kunisikiliza, naomba nikakae.