Makubazi Yaliyokwama Mpakani

Benchi la kijiwe kile limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na mguu wake mmoja umefungwa waya tangu Dalali, mteja wa kila siku mwenye mwili mkubwa, alipolikalia kwa hasira siku timu yake ilipofungwa. Asubuhi hii mwenye hasira alikuwa Soli, fundi viatu. Hakusalimia mtu. Alipokea kikombe kwa Mama Kahawa, akakikodolea macho. Mzigo wake wa makubazi, kazi ya msimu mzima, ulikuwa umezuiwa mpakani, na dada yake aliyeolewa ng'ambo alikuwa ameshafungua duka la kuyauza. Rafu zilikuwa tupu, na mwenye jengo alishaanza kumtafuta mpangaji mwingine.

— Wanataka nini? aliuliza Redio, karani mstaafu ambaye taarifa ya habari ikimpita anaumwa.

— Wanataka nithibitishe yametengenezwa kwetu, la sivyo nilipe ushuru kama nimeyaleta kutoka mwisho wa dunia. Ngozi nimenunua kwao, Mzee Redio. Kwao. Ilivuka kuja huku bila neno. Nimeikata, nimeishona, sasa inarudi nyumbani wanasema hawaijui.

Redio alikohoa, benchi zima likajua hatamaliza leo. Akaeleza kwamba majirani wakitia saini mkataba wa biashara, kwanza huondoleana ushuru, kisha hutoza ushuru mmoja kwa bidhaa za wageni. Baada ya hapo watu na mitaji hupita bila kizuizi, na mwishowe hutumia sarafu moja. Huo ndio utangamano.

— Sisi tumefika wapi? aliuliza Soli.

— Kwenye karatasi tumefika mbali sana.

— Makubazi yangu hayapiti kwenye karatasi. Yanapita getini.

Dalali alidakia. Kwa maoni yake, nchi hizi ni kama wapangaji waliokubaliana kutumia ua mmoja, halafu kila mmoja akaenda kununua kufuli. Mama Kahawa alisema wasihangaike, makubazi yale sasa hivi yako miguuni mwa wake za maofisa. Redio akaapa kwamba geti linaachwa makusudi, maana likiondolewa wakubwa watakosa utepe wa kukata. Dalali hakutaka kushindwa: mpaka wenyewe, alisema, husogezwa watu wakiwa wamelala, ndiyo maana kila mwaka nauli ya kwenda huko inapanda.

Soli aliwasikiliza damu ikimchemka. Dada yake alikuwa anapoteza duka, na hawa walikuwa wanashindana kubuni. Lakini aliwaacha waendelee, kwa kuwa angalau walikuwa upande wake. Dalali alishasimama, anapiga kifua.

— Kosa ni letu kuwabembeleza. Viatu vya huyu bwana haviishi. Nchi nzima ingepaswa kuvivaa.

Hapo akatokea muuguzi mmoja anayetoka zamu, viatu vyake vya kazini mkononi, miguu imevimba.

— Shikamooni wazee. Nimeelekezwa kwa fundi wa makubazi.

Wote wakamwonyesha Soli kwa mpigo, wakamsifia mpaka akaona aibu. Muuguzi akatabasamu.

— Basi nani kati yenu ameyavaa, nione yanavyokaa mguuni?

Dalali aliivuta miguu yake chini ya benchi. Redio akawa na shughuli na kikombe kilichokwisha kahawa. Mama Kahawa alisogea nyuma ya jiko lake. Soli akainamisha macho, na kwa mara ya kwanza akaitazama ile miguu aliyokaa nayo miaka yote: kandambili za plastiki kila mahali, zilizotoka mbali kuliko nchi yoyote iliyotia saini mkataba, na zimefika hapa benchini bila kukwama popote.

Hasira aliyokuwa nayo na watu wa getini ilihamia kwa wenzake wa benchi. Akavua makubazi yake, akampangia muuguzi mbele ya miguu.

— Jaribu haya, dada yangu. Hapa ni mimi peke yangu ninayeyavaa.

Akarudisha kikombe, kahawa haijapungua, akasimama peku akimsubiri ajaribu. Wenzake wakageuka kutazama barabarani.