Yuliana Bernard, Aliyemwandikia Mwenye Wajibu Peke Yake

Ndugu mliofika kumsindikiza, asanteni kwa kupanda mlima huu na jua lake.

Yuliana Bernard, ambaye wengi wenu mmemwita Mama Rose, alizaliwa Lukuledi tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Bernard, mkulima wa korosho na mhogo. Alibatizwa akiwa na siku tisa, kwa kuwa alizaliwa dhaifu na hakuna aliyetegemea aione ya kumi. Aliiona. Ubishi aliuanza mapema.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Lukuledi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha akajifunza kupiga chapa Masasi mjini. Mwaka 1972 aliajiriwa mpiga chapa katika ofisi moja Newala, akakaa na mashine yake mpaka alipostaafu mwaka 2008. Jioni aliwaandikia wanakijiji wa hapa barua zao bure, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Hii anapelekewa nani?" Asiyejua alirudishwa nyumbani akafikiri.

Mwaka 1974 kijana Nikolao alifika na barua ya posa ipigwe chapa. Marehemu akauliza jina la mpokeaji. Nikolao akatazama chini, akasema, "Weka lako." Aliipiga mpaka mwisho, akasahihisha makosa matatu, ndipo akamkubali. Walifunga ndoa tarehe 28 Juni 1975, wakapata mabinti wawili, Rose na Happiness. Nikolao alitutoka mwaka 2009.

Sasa tumefika mahali ambapo wasifu wa marehemu huwa unaruka. Huu hauruki.

Agosti 2014 watoto wawili wa kijiji hiki walikunywa maji ya tangi la mvua, lile lililochimbiwa karibu na zahanati, wakafa siku moja. Hamudi alikuwa na miaka minane. Upendo, mtoto wa Rose, alikuwa na sita. Tarehe 3 Septemba marehemu alimwandikia mkurugenzi wa halmashauri. Aliandika kwamba kiongozi mmoja wa kijiji alijua kuna dawa ya mikorosho imeingia tangini, akanyamaza kwa sababu ya uchaguzi wa Desemba. Ushahidi wake ulikuwa mmoja: wiki ile, kabla watoto hawajafa, bodaboda ilipeleka madumu ya maji kutoka Newala nyumbani kwa kiongozi huyo. Hakutoa nakala. Hakumsomea hata Rose.

Mtaalamu wa maji alikuta tangi limekwisha kumwagwa na kuoshwa. Akalifunga kwa mfuniko wa zege hadi uchunguzi ukamilike, na hadi leo haujakamilika. Kiongozi yule alipopata habari za barua, alimshtaki marehemu kwa kashfa, akisema bibi aliyefiwa na mjukuu ameandika kwa chuki.

Hukumu ilisomwa tarehe 19 Mei 2016. Hakimu alisema mwananchi mwenye malalamiko akimwandikia mwenye wajibu wa kuyashughulikia, bila kuyatangaza kwa wengine na bila nia mbaya, barua yake ina kinga, ila kinga yenye masharti. Akasema uchungu si chuki. Marehemu akashinda. Lakini hakimu aliongeza kwamba mahakama haikuamua kama yaliyoandikwa ni kweli, na kwamba maneno yaleyale yakisemwa sokoni, kinga imekwisha.

Basi alishinda bila kuaminiwa. Wapo waliomwita mwongo aliyebahatika, na baadhi yenu mmekaa hapa. Jina la mtu yule halikutoka kinywani mwa marehemu tena, na taratibu ukimya ule ukaenea nyumba nzima. Alikata sentensi katikati mtu asiyehusika akiingia. Ilifika mahali mgeni akikaa kwake anajikuta naye ameanza kunong'ona, wala hajui kwa nini.

Agosti 2019, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa manjano wa kuzuia ukungu, Rose alipita na mama yake kwenye tangi. Vumbi la salfa lilikuwa limetanda juu ya mfuniko, na katikati ya vumbi kulikuwa na alama za viganja vidogo, jozi mbili, vidole vikielekea ukingoni. Kuzunguka tangi hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Mama, nani amecheza hapa?" Rose aliuliza.

"Walikuja na mwaka jana. Na mwaka juzi."

"Akina nani, Mama?"

"Twende nyumbani. Wewe si mwenye wajibu."

Machi mwaka huu tumbo lilianza kumsumbua. Alimwambia daktari peke yake. Sisi tulijua ni saratani mwezi Agosti, alipokuwa hawezi tena kusimama, na hilo tunakiri bado linatuuma.

Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, saa sita mchana, alimwambia Rose amwite mtu yule aliyemshtaki. Alisema kumweleza mtu habari zake mwenyewe hakuna sheria inayokataza. Mtu yule alikuja, akaingia, mlango ukafungwa kwa muda wa saa nzima. Nje tulisikia sauti ya marehemu tu, ya chini, haikupumzika. Mtu yule alipotoka, viganja vyake vilikuwa na vumbi la manjano, na chumbani mle hamkuwa na salfa.

"Mama Upendo," alimwambia Rose, "chukua kalamu. Uandike neno langu na jina langu, nimeruhusu. Siku ya maziko lisomwe."

Tunalisoma kama alivyolitamka: "Mimi Dastani Alfani, nilikuwa mwenyekiti wa kijiji. Chupa ya dawa niliiopoa mwenyewe tangini, siku mbili kabla ya watoto kufa. Niliifukia. Aliyoandika Mama Rose ni kweli."

Yuliana Bernard alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 12 Septemba, akiwa na miaka sabini na miwili. Ameacha mabinti wawili, Rose na Happiness, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Walimtangulia mumewe Nikolao na mjukuu wake Upendo.

Mama Rose, umeaminika. Pumzika kwa amani.