Karibu ya Hajjat Inshirah

"Binti wa dada yangu ana Asperger, ile aina ya usonji," Mama Nagat alimwambia jirani yake wa kiti kwenye tramu ya Aleksandria, ingawa walikuwa wamejuana tangu kituo kilichopita tu.

"Basi huyo ni bingwa wa hesabu!" akasema Hajjat Inshirah, kapu la kabichi mapajani.

"Hesabu? Huyo? Kila mwaka sifuri."

"Basi piano. Hawakosi kitu hao. Ila hisia hawana, maskini, na mzaha hawaujui kabisa. Neno wanalichukua kama lilivyo."

Rudaina, aliyesimama nyuma yao, aliambiwa na daktari tangu utotoni kuwa ana hiyo hiyo Asperger. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Si haba, kwa mtu asiye na hisia.

Tramu ikapunguza mwendo. Hajjat akainuka na kuaga kama kila mstaarabu wa mji ule anavyoaga: "Karibuni kwangu jamani, wallahi, leo napika mahshi, kabichi ya kujazwa wali!" Jibu lake kila mtu analijua: ahsante, Mungu akuzidishie, na unabaki ulipo.

"Ahsante, nakuja," Rudaina akasema, akampokea kapu. "Mimi pia nina Asperger."

Hajjat akamgeukia. "Mwanangu, unakuja kweli au unanitania?"

"Kwani Hajjat, si umesema mzaha hatuujui?"

Milango ikafunguka. Rudaina akatangulia kushuka na kapu.