Ciakuthii wa Njura na Moto Aliouficha Majivuni

Jioni ya Jumapili, tarehe 14 Agosti 1955, kabla ya filimbi ya kafyu, Ciakuthii alipakua irio, akawalaza watoto, akayakusanya makaa katikati ya mafiga na kuyafunika kwa majivu kama alivyofunzwa na mama yake, akamwonya mumewe, Mwalimu Koome, asiyachokoechokoe.

Marehemu Ciakuthii alizaliwa tarehe 3 Machi 1929 karibu na Githongo, binti wa mzee Njura, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akajifunza kushona, na tangu mwaka 1947 alikuwa na cherehani yake sokoni. Tarehe 22 Desemba 1951 alifunga ndoa na Koome, aliyekuwa amesomea Kiingereza Makerere, wakajaliwa Kinoti mwaka 1952 na Ednah mwaka 1954.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza kafyu kwa sababu ya vita vya msituni, Koome alimweleza kwamba neno hilo la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa funika moto, kwa kuwa zamani kengele ililia jioni ili kila nyumba ifunike moto wake, watu wasiteketee wakiwa wamelala, na marufuku ya kutembea ikaja baadaye. Ciakuthii alicheka, akasema basi hao Wazungu wa zamani walilelewa na nyanya yake, mbona hawa wa leo wanatembea na petroli.

Februari 1955 nyumba yao ilichomwa na askari pamoja na cherehani, wakahamishiwa kijiji cha seng'enge, na marehemu akapelekwa kuchimba mtaro wa kando ya msitu, wa kuwakatia wapiganaji njia ya chakula, ambako msimamizi alimvunja vidole viwili kwa rungu kwa sababu alisimama kumnyonyesha Ednah.

Jioni ile ya Agosti, askari wa nyumbani, wenyeji wanaoitumikia serikali, walikuwa wamepekua kwa Beth, jirani ya marehemu, mwenyeji wa Runyenjes ambaye mumewe yuko kizuizini, wakauzima moto wake kwa maji, na punde baada ya filimbi Beth akashikwa na uchungu wa kuzaa. Kwetu nyumba ya mzazi hainyimwi moto. Koome alimsihi mkewe angoje kupambazuke, naye akajibu, Mwalimu, mtoto hajui kafyu, akafukua nusu ya makaa, akayatia kwenye kigae, akatoka.

Askari mmoja, ambaye jina lake halisomwi hapa, alimwuliza anawapelekea nani moto huko msituni, naye akajibu kwa sauti, ni mimi mama Kinoti, nakwenda kwa mzazi, na hiyo suruali uliyovaa nimekushonea mimi. Askari huyo alimpiga risasi mbili za tumbo. Wenzake walikataza abebwe hadi filimbi ya asubuhi, akafa palepale njiani mikononi mwa mumewe aliyemkimbilia, makaa yakiwa yamemwagikia mkono wake wa vidole vilivyovunjwa, na Beth akajifungua msichana gizani.

Familia inamshukuru daktari wa misheni, aliyeandika risasi kwenye cheti cha kifo alipotakiwa kuandika ajali, majirani waliochimba kaburi hili wakiwa wameelekezewa bunduki, na walimu wenzake Koome waliobeba jeneza.

Asubuhi ile, filimbi ya kufungulia ilipolia, Koome alimfunika mkewe shuka, akaingia ndani, akapiga magoti mekoni, akafukua majivu na kukuta makaa yaliyobaki bado mekundu, akayatia kwenye kigae kile kile chenye damu, akapita mbele ya askari yule yule, akayafikisha. Pumzika kwa amani, mama Kinoti, Beth amewasha.